Abiria wa Pikipiki katika Rejesta ya Hospitali: Uhakiki wa Istilahi

Kazi ya istilahi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kazi ya kutafuta majina ya vitu vipya. Makala hii inashughulikia upande wa pili wa kazi hiyo, yaani vitu ambavyo majina yake tunayo na tumekwisha kuyazoea, lakini kwa kuwa majina hayo hayakupangwa, yanaficha habari ambayo serikali, tabibu na mgonjwa mwenyewe wanaihitaji. Mfano tuliouchagua ni wa mtu aliyepakiwa kwenye pikipiki akaumia, akafikishwa hospitali, akaandikwa katika rejesta na hatimaye akatiliwa msimbo. Tunadai kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kumtaja mtu huyo bila utata. Tunadai pia kwamba baadhi ya maneno yanayotumika kwa sasa, hasa bodaboda, mpanda pikipiki na ajali ya pikipiki, humwondoa katika hesabu.

Mifano yetu tumeiweka Nyalikungu, kata ya mji wa Maswa katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Hatukuitoa katika daftari la hospitali yoyote. Tumeitunga wenyewe kwa lugha inayosemwa na watu kila siku. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, msafiri wa pikipiki wa huko hupita barabara za kila namna: lami iendayo Bariadi, barabara za vumbi za vijijini, na njia nyembamba zipitazo kati ya mashamba ya pamba, na katika njia hizo hukutana na ng'ombe na mikokoteni. Pili, wengi wa wenyeji huzungumza Kisukuma nyumbani. Habari ya ajali huweza kusimuliwa kwa Kisukuma, ikaelezwa kwa tabibu kwa Kiswahili, ikaandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza, kisha ikageuzwa kuwa herufi na tarakimu. Hizo ni tafsiri tatu katika saa moja, na kila moja ni mahali pa kupotezea kitu.

MSIMBO UNAULIZA NINI

Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la 10, liliidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, nalo huruhusu msimbo mkuu kuunganishwa na misimbo ya nyongeza inayoeleza mambo zaidi. Hapa tunatumia toleo la 10 kwa kuwa mpangilio wake ni rahisi kuuonyesha, lakini hoja yetu inayagusa matoleo yote mawili, kwani hakuna toleo linaloweza kusimba habari ambayo haikuandikwa.

Katika toleo la 10 mtu aliyeumia hupewa misimbo ya namna mbili. Msimbo wenye herufi S au T hueleza mwili umepatwa na nini. Kuvunjika mguu kati ya goti na kifundo, pamoja na kifundo chenyewe, ni S82. Kuvunjika mfupa wa paja ni S72. Kuumia ndani ya fuvu ni S06. Msimbo wenye herufi V, W, X au Y hueleza sababu ya nje, yaani kilichomfika mtu huyo hata akaumia.

Watu waliokuwa juu ya pikipiki wamepangwa katika V20 hadi V29. Kuanzia V20 hadi V28, tarakimu mbili za kwanza husema pikipiki iligongana na nini, au kwamba haikugongana na kitu. Tarakimu inayofuata nukta husema mtu huyo alikuwa nani. Ikiwa ajali ilitokea barabarani, 4 ni mwendeshaji, 5 ni abiria, na 9 ni mtu ambaye nafasi yake haikutajwa. Tarakimu 3 ni ya mtu aliyeumia wakati wa kupanda au kushuka. Kwa hiyo abiria wa pikipiki iliyogongana na gari dogo ni V23.5, na mwendeshaji wake ni V23.4. Mwandishi asiposema nani alikuwa nani, wote wawili huwa V23.9, na tangu hapo hakuna awezaye kuwatenganisha.

Msomaji atambue kwamba 9 hiyo si kosa la msimbaji. Msimbaji hakuwapo barabarani, wala hana ruhusa ya kukisia. Yeye hufuata neno aliloandikiwa, na ndiyo sababu uhakiki huu unahusu maneno.

NENO BODABODA

Neno hili linajulikana kuwa lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Mzizi wake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, na Kiswahili kimelirudufu kama kinavyorudufu maneno mengi. Ni neno zuri, limekubalika katika Afrika ya Mashariki yote, na hatukusudii kulipiga vita.

Lakini lina maana tatu. Husemwa "bodaboda imeharibika", likamaanisha chombo. "Bodaboda amefika", likamaanisha mtu. Na "anafanya bodaboda", likamaanisha biashara. Katika mazungumzo hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu viambishi vya upatanisho hufanya kazi ya kutenganisha: i- ya chombo, a- ya mtu. Rejesta haina nafasi ya viambishi hivyo. Rejesta ni safu za majina, na mwandishi wake huandika "bodaboda, mguu wa kulia" kisha akaenda kwa mgonjwa anayefuata. Upatanisho umeachwa nje ya mlango, na maana imebaki nao huko huko.

Mtu aliyeandikwa hivyo Nyalikungu anaweza kuwa kijana aliyekuwa akiendesha, mama aliyekuwa amepakiwa akienda kliniki, mwanafunzi aliyegongwa akivuka barabara, au mzee wa baiskeli aliyepambwa ubavuni. Hao ni watu wanne wa mafungu manne. Nchini Kenya, Mamlaka ya Taifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi, katika takwimu zake za vifo, huwaweka waendesha pikipiki katika fungu lao na abiria wao katika fungu jingine. Hilo latosha kuonyesha kwamba utenganisho huu si anasa ya wataalamu. Na katika Kiswahili cha Kenya husemwa "mhudumu wa bodaboda", jambo ambalo humtoa mtu ndani ya chombo na kumpa jina lake mwenyewe.

KITENZI PANDA

Tatizo la kitenzi hiki ni kubwa kuliko la bodaboda, kwa sababu halionekani. Tunasema mpanda farasi na mpanda baiskeli, na katika majina hayo mpanda ndiye anayekiongoza chombo au mnyama. Kwa mfano huo, mpanda pikipiki ni mwendeshaji. Lakini mtu akisema "nilipanda pikipiki kutoka Nyalikungu", kila msikilizaji ataelewa kwamba alikuwa abiria na kwamba alilipa nauli. Jina limekwenda kwa mwendeshaji, kitenzi kimekwenda kwa abiria. Tena kupanda ni kile kitendo cha kuinua mguu na kukalia kiti, ambacho katika ainisho kina tarakimu yake ya peke yake, ile 3.

Hivyo sentensi fupi "aliumia akipanda pikipiki" yaweza kusimbwa kwa njia tatu, na zote tatu zina hoja. Mfasiri aliyezoea kamusi atakutana na jambo hilo katika kichwa chenyewe cha fungu V20 hadi V29, ambapo Kiingereza kina neno moja linalowajumuisha mwendeshaji na abiria. Akiandika "mpanda pikipiki", atakuwa amefasiri neno sawasawa na kupotosha fungu zima, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili atadhani abiria hawamo.

Sisi tunaona kwamba hapa hapana haja ya neno moja. Si kila dhana inayosemwa kwa neno moja katika lugha nyingine ni lazima isemwe kwa neno moja katika lugha yetu. Maneno "mtu aliyekuwa juu ya pikipiki" ni marefu kidogo, lakini kila mwananchi huyaelewa mara ya kwanza, na hayamtupi mtu yeyote nje.

"AJALI YA" NA "KUUMIZWA NA"

Ainisho lina kanuni za kumsaidia msimbaji pale ambapo nafasi ya mtu haikutajwa, na watumishi wengi wanaoandika rejesta hawana habari nazo. Ikiwa imeandikwa tu kwamba ilikuwa ajali ya pikipiki, aliyeumia huhesabiwa kuwa alikuwa juu ya pikipiki. Ikiwa imeandikwa kwamba aligongwa, alikanyagwa, aliburutwa au aliumizwa na chombo, huhesabiwa kuwa alikuwa akitembea kwa miguu. Na aliyegongwa na chombo chenye mota cha magurudumu mawili au matatu huwekwa katika V02.

Tazama sasa Kiswahili cha kawaida kinavyokwenda kinyume cha kanuni hizo. Mwanafunzi aliyegongwa akivuka barabara huletwa na majirani wakisema "kapata ajali ya pikipiki". Akiandikwa hivyo, anahesabiwa kuwa alikuwa juu ya pikipiki, naye hajawahi kuigusa. Mama aliyepakiwa, akaanguka mwendeshaji alipokata kona kwa kasi, huletwa na nduguze wenye hasira wakisema "kaumizwa na bodaboda". Akiandikwa hivyo, anahesabiwa kuwa mtembea kwa miguu. Na asiyejua kisa anaweza hata kudhani kwamba alipigwa. Wote wawili wamesemewa kwa Kiswahili kisicho na kosa la sarufi, na wote wawili wamehesabiwa mahali pasipo pao.

Kuandika RTA, herufi tatu za Kiingereza zinazotumika hospitalini kwa maana ya ajali ya barabarani, hakuponyi ugonjwa huu. Herufi hizo zinasema machache kuliko "ajali ya pikipiki", kwa kuwa hata chombo hazikitaji.

MAGURUDUMU MATATU

Katika lugha ya leseni hapa nchini, chombo tunachokiita bajaji hutajwa pia kuwa "pikipiki ya magurudumu matatu". Jina hilo linafaa kwa ofisi ya leseni, lakini katika ainisho ni mtego. Waliokuwa katika chombo cha magurudumu matatu wana fungu lao, V30 hadi V39, na tarakimu zao za nafasi si zile za pikipiki. Katika ajali za barabarani, 5 ambayo kwa pikipiki ni abiria, kwa bajaji ni dereva. Abiria wa bajaji ni 6. Msimbaji anayeongozwa na neno pikipiki atakosea mara mbili: fungu na nafasi. Pikipiki yenye kigari cha pembeni, hata ikiwa na gurudumu la tatu, hubaki katika fungu la pikipiki.

Kwa rejesta za afya tungependekeza pikipiki iwe ya magurudumu mawili tu, na bajaji liwe jina la chombo cha magurudumu matatu kinachobeba abiria. Bajaji ni jina lililotokana na jina la kampuni, na wapo watakaolikataa kwa sababu hiyo. Tunawajibu kwamba wananchi wamekwisha kulipa ngeli na wingi wake, na istilahi isiyotamkwa na mtu haiwezi kuandikwa sawasawa na mtu.

BARABARA KUU NA BARABARA YA UMMA

Ainisho hutenganisha ajali iliyotokea katika barabara ya umma na ile iliyotokea nje yake. Neno la Kiingereza linalotumika hapo, mfasiri akilifungua katika kamusi, atapewa "barabara kuu". Tafsiri hiyo ina madhara. Maelezo ya ainisho lenyewe yanasema kwamba barabara ya namna hiyo ni upana wote wa ardhi, kati ya mipaka ya mali za watu, ulio wazi kwa umma kwa haki au kwa desturi, kwa ajili ya kupitisha watu au mali.

Maneno "kwa desturi" ndiyo yenye uzito. Njia ya kutoka kijijini hadi mnadani, ipitwayo na watu wote tangu zamani, ni barabara ya umma hata kama haina lami wala alama. Aliyefunzwa kwa maneno "barabara kuu" ataihesabu ajali ya njia hiyo kuwa imetokea nje ya barabara, na tarakimu ya abiria itageuka kutoka 5 kuwa 1. Kwa mahali kama Nyalikungu, ambapo safari nyingi huanzia katika njia za namna hiyo, tafsiri moja mbovu inaweza kuhamisha ajali za vijijini zote. "Barabara ya umma" ndiyo tafsiri ya haki.

NG'OMBE, MKOKOTENI NA KUTELEZA

Tarakimu za kwanza pia zataka maneno yaliyopimwa. Pikipiki iliyogonga ng'ombe ni V20, fungu la watembeao kwa miguu na wanyama. Iliyogonga mkokoteni unaokokotwa na ng'ombe ni V26, fungu la vyombo visivyo na mota. Iliyogonga mti au jiwe ni V27. Iliyoteleza katika tope jeusi la masika ikapinduka bila kugonga kitu ni V28. Maneno "alianguka na pikipiki" huweza kufunika yote manne, kwa kuwa kila mmoja wao hatimaye alianguka. Kinachotakiwa ni kuandika kwanza kilichotangulia anguko.

ABIRIA, MSHIKAKI NA KOFIA

Neno abiria ni la zamani katika Kiswahili. Lilitumika vyomboni baharini kabla ya kushuka nchi kavu, na maana yake imebaki ile ile: mtu anayevushwa na mwingine. Ndilo neno tunalolitetea. Lina udhaifu mmoja tu, nao ni wa kisarufi: halibadiliki katika wingi. "Abiria wa pikipiki" yaweza kuwa mmoja au watatu. Jambo hilo si dogo, kwa kuwa kupakia watu wawili au zaidi kumeenea hata kukapewa jina lake, mshikaki. Toleo la 10 halina tarakimu ya kueleza kama abiria alikaa mbele ya mwendeshaji, katikati au nyuma kabisa. Kwa hiyo habari hiyo isipoandikwa kwa maneno, haitapatikana popote. Tunashauri idadi iandikwe kwa tarakimu, na nafasi kwa neno: "abiria 2, huyu alikaa nyuma".

Vivyo hivyo kuhusu kofia ngumu. Andiko "kofia ngumu: ndiyo" halisemi ni ya nani, na pikipiki yenye watu watatu huweza kuwa na kofia moja. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Liu na wenzake mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hizo hupunguza hatari ya kifo kwa 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia, kwa watu wa pikipiki waliopata ajali. Mtu akitaka kujua kama abiria wa Simiyu wanapata kinga hiyo, neno "yake" katika rejesta litamfaa kuliko hotuba nyingi.

PINGAMIZI

Yapo mapingamizi mawili ambayo ni halali kuyajibu. La kwanza ni kwamba tabibu hutibu mguu, hatibu neno, na mguu uliovunjika wa abiria hautofautiani na wa mwendeshaji. Ni kweli kwa siku ile ya kwanza. Lakini daftari haliwekwi kwa ajili ya siku ile ya kwanza tu. Taarifa za MTUHA hukusanywa ili wilaya, mkoa na wizara wajue waelekeze wapi nguvu zao, na abiria ana haja zake: hashiki breki, hachagui mwendo, na mara nyingi hana kofia. Mwendeshaji huweza kufunzwa. Abiria hulindwa kwa sheria, kwa kofia ya pili na kwa kukataza mshikaki. Asiyehesabiwa hatungiwi ulinzi. Aidha, mgonjwa huyo huenda akadai fidia ya bima, na fomu ya polisi ya PF3 itasomwa pamoja na karatasi za hospitali. Karatasi moja ikimwita abiria na nyingine ikimwita mpanda pikipiki, mwenye kulipa atakuwa amepewa sababu ya kuchelewa.

Pingamizi la pili ni la muda. Watumishi ni wachache na foleni ni ndefu. Tunalikubali, na ndiyo maana hatupendekezi fomu mpya. "Abiria, pikipiki, ng'ombe" ni maneno matatu, nayo yatosha kutoa V20.5.

MAPENDEKEZO

Tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

(a) Mwendeshaji wa pikipiki: anayeiongoza. Neno mpanda pikipiki lisitumike katika rejesta wala katika tafsiri za ainisho.

(b) Abiria wa pikipiki: kila aliyekuwa juu yake asiyeiongoza, pamoja na mtoto aliyepakatwa, idadi na nafasi zitajwe.

(c) Mtu aliyekuwa juu ya pikipiki: jina la jumla la (a) na (b).

(d) Kupanda na kushuka: vitendo hivyo viwili tu. Kwa safari yenyewe iandikwe "alikuwa amepakiwa" au "alikuwa akiendesha".

(e) Aligongwa na pikipiki: kwa aliyekuwa nje ya chombo tu. Maneno "ajali ya pikipiki" na "kuumizwa na bodaboda" yasiandikwe peke yake.

(f) Pikipiki kwa magurudumu mawili, bajaji kwa matatu. Bodaboda libaki kuwa jina la biashara.

(g) Barabara ya umma, badala ya barabara kuu, katika tafsiri zote za ainisho.

Hakuna neno jipya katika orodha hii. Yote yanajulikana Nyalikungu kama yanavyojulikana Unguja au Mombasa. Kilichopungua ni makubaliano ya kila neno kubaki na kazi yake. Walimu wa vyuo vya afya wanaweza kuanza kuyafundisha bila kungoja kitabu. Wafasiri na watumishi wa rejesta ambao wamekutana na matumizi mengine, hasa ya mikoa ambayo hatukuitaja, wanaombwa watuletee mifano yao pamoja na sentensi kamili zilimotumika, ili orodha ipimwe kabla ya kupelekwa kusanifiwa.